Taa ya Vifaranga na Ubao wa Bibi

Mashine ya mama yangu inakata mbao kwa mwanga usioonekana. Nikiwaambia watu hivyo wananitazama kama nimeanza kuvuta kitu, lakini ndivyo ilivyo. Ndani yake kuna bomba la kioo, refu kama mtoto wa chekechea aliyelala, lenye maji yanayozunguka kulipoza. Umeme mkali unaingia humo, mwanga unatokea upande wa pili, unaruka kutoka kioo kimoja hadi kingine, unashuka kwenye kichwa kidogo kinachotembea juu ya ubao, na pale unapogusa, ubao unaachana. Mwanga wenyewe huuoni. Unachoona ni cheche moja ndogo inayotembea yenyewe, moshi kidogo, na nyuma yake mstari mwembamba mweusi. Siku ya kwanza kuiona ikifanya kazi nilinyamaza. Waulize walimu wangu kama hilo limewahi kutokea.

Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, hapa Lemara, Arusha. Mama anakata vibao vya majina, mapambo ya keki za harusi, vikombe vya mashindano ya shule, misalaba ya watoto wa kipaimara, na twiga. Twiga wengi sana. Wenye maduka ya watalii wanawachukua kwa maboksi. Mimi niko kidato cha tatu. Nikiwa likizo, mimi ndiye mwendesha mashine, mchoraji, mfagizi na msemaji mkuu wa kampuni, cheo ambacho nimejipa mwenyewe.

Ukuta wa nyuma wa karakana unapakana na kichochoro kinachotoka kwenye kijiwe cha bodaboda. Kwa miaka yote tuliyokaa pale, ukuta huo ulikuwa choo cha taifa. Madereva wa boda, wapita njia, wageni waliovaa tai wakielekea kwenye sherehe, wote walisimama pale wakitazama mbinguni kama wanaokumbuka jambo. Mama alishaandika onyo kwa mkaa, akaandika kwa rangi, akapiga kelele dirishani. Mwisho akanigeukia mimi.

"Wewe si unajifanya una maneno. Tengeneza kibao."

Nikatengeneza. Sikuandika habari za faini, kwa sababu kila ukuta wa Arusha una faini na hakuna anayeijali. Nilikata herufi zenye mikia, kama za kadi ya harusi, nyeupe juu ya nyeusi: TABASAMU, UNAREKODIWA. VIDEO ITAONYESHWA KANISANI JUMAPILI. Kamera hatukuwa nayo. Chini ya maneno nilichora jicho.

Ilifanya kazi kuliko polisi. Dereva mmoja wa boda, yule mrefu ambaye pikipiki yake ina manyoya kwenye usukani, alinivizia dukani.

"Dogo, hiyo kamera yenu inaona mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye dhamiri, kaka."

"Acha utani. Mke wangu anaimba kwaya."

"Basi mtakutana hukohuko."

Baada ya wiki chache kichochoro kilikuwa kinanuka vumbi tu. Mama alinisifia mbele za watu. Alisema hatimaye mdomo wangu umeleta faida nyumbani.

Sasa nieleze habari za ubao, maana bila huo ubao hii ingekuwa hadithi ya twiga.

Babu, baba yake mama, anakaa kule juu Meru, kwenye shamba la kahawa na migomba. Hapo shambani palikuwa na mringaringa ambao Bibi aliupanda mwaka alioolewa, uje kuwa kivuli cha kahawa. Bibi alifariki nikiwa mdogo. Nakumbuka mikono yake ilinuka moshi na maganda ya ndizi, na kwamba alinicheka nilipoogopa jogoo. Mvua kubwa za mwaka huu ziliulegeza mti, ukaanguka mchana kweupe, na Babu anaapa kwamba haukuvunja hata mgomba mmoja. "Uliangalia pa kulala," anasema.

Babu alikataa kuuza. Alipasua mbao akazipeleka usharikani zitengenezewe mimbari mpya. Seremala wa usharika alitengeneza miguu, pembeni na juu. Kipande cha mbele, kile ambacho waumini wote watakitazama, Babu alisema kitakatwa na binti yake: msalaba katikati, na kuuzunguka matawi ya kahawa yenye majani na maua, yaliyotobolewa kabisa mwanga upite. Lakini ndani ya mti mlikuwa mmeoza. Kati ya mbao zote, ni ubao mmoja tu uliotoka mpana, mwembamba, bila ufa. Mmoja. Mama aliuleta mjini ameufunga kwenye kanga, akaulaza kitandani kwake kana kwamba una homa. Mimbari ilikuwa iwekwe wakfu Jumapili.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, nikiwa nakata twiga, kichwa cha mashine kikafika shingoni, kikasimama. Skrini ikawa nyeusi. Kisha ikawaka upya na kunikaribisha kwa adabu zote, kama muumini aliyezimia katikati ya ibada, na alipozinduka akauliza kama sadaka imeshapita. Nikaweka plaiwudi nyingine. Twiga wa pili akakatikia magotini. Wa tatu akafika mkiani, nikaanza kushangilia, naye akazimia. Kufikia jioni tulikuwa na kundi zima la twiga waliopata ajali.

Mama alikuja akasimama mlangoni. Hakuwatazama twiga. Alitazama upande wa chumbani kwake.

Mashine ikizimia katikati haikumbuki ilipoishia. Ukiianzisha tena, mstari unapita pembeni kidogo ya ule wa kwanza, na kazi imeharibika. Plaiwudi unatupa, unachukua nyingine. Ubao wa Bibi ukiharibika, hakuna mahali pa kwenda kuchukua mwingine.

"Si tuupeleke kwa yule jamaa wa mjini mwenye mashine kama hii?" nikasema.

Mama alinitazama kwa namna iliyonifanya nianze kufagia.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mashine ya kusaga ya jirani. Ikiwashwa, taa za mtaa mzima hukonyeza. Mama alikwenda kuongea na mwenye nayo, akarudi na unga kwenye nywele na ahadi kwamba hatasaga mchana wa Jumanne. Hakusaga. Mashine yetu ikazimia kimyakimya, bila hata kelele za kusingizia. Mshukiwa wa pili alikuwa stablaiza, lile boksi la kusawazisha umeme. Tukaazima jingine. Twiga akakatika masikio. Mshukiwa wa tatu nilikuwa mimi. Mama aliniondoa kwenye kiti akaendesha mwenyewe, mashine ikazimia haraka zaidi, na nikajitahidi sana nisionekane nimefurahi.

Jumatano akaja fundi umeme kutoka Kwa Mrombo, dada mmoja aliyesoma chuo cha ufundi, anayeendesha pikipiki yake mwenyewe na boksi la vifaa nyuma. Mama alikuwa amemtengenezea kibao cha mlangoni zamani. Alimsalimia Mama shikamoo, akanipa mimi mkono kama mtu mzima, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na hakugusa kitu chochote.

"Dada, ilianza lini?" akamuuliza Mama.

"Jumatatu."

"Kabla ya hapo kuna mlichobadilisha? Mmehamisha mashine, mmeongeza friji, mmejenga?"

"Hatujabadilisha kitu," Mama akasema.

"Sawa. Tuzime kwanza."

Akakaza kila skrubu kuanzia kwenye mita ya luku mpaka kwenye soketi. Moja ilikuwa imelegea kidogo na wote tulipata matumaini, tukaiwasha, ikazimia. Akachomeka multimita, kile kipimo chenye skrini ndogo, akaniwekea mbele ya macho.

"Wewe kazi yako ni hiyo namba. Ikishuka, piga kelele."

"Kupiga kelele ndiyo kipaji chake," Mama akasema.

Akamwomba jirani awashe mashine ya kusaga. Taa zikakonyeza, namba ikashuka kidogo, ikarudi ikatulia. Nikaanzisha twiga. Cheche ikatembea, moshi ukapanda, namba imetulia tuli. Kisha mbele ya macho yangu skrini ya mashine ikawa nyeusi, na ile namba haikutikisika hata kidogo.

"Umeona?" fundi akasema. "Imezimia na chakula kipo mezani. Umeme wa nje hauna kosa. Tatizo liko kwenye unaotoka."

Sikumwelewa. Umeme unatoka kwenda wapi? Kichwani mwangu umeme ulikuwa kama soda: unaingia, unaisha.

Akaweka mgongo wa vidole vyake juu ya bati la mashine, polepole, kama anayepima homa. Akavitoa.

"Hii mashine inawafanyaje mkiigusa?"

"Inatekenya," nikasema.

"Tangu lini?"

Nilimtazama Mama. Mama alitazama dari. "Siku hizi hizi," nikasema.

"Na hamkusema."

"Mama alisema nivae ndala."

"Sasa si zilisaidia?" Mama akajitetea.

Fundi hakutugombeza, jambo ambalo liliniuma zaidi. Alifungua kifuniko cha nyuma, akatuonyesha waya wa kijani wenye mstari wa njano. Akasema huo ndio ethi. Hauleti umeme, unauondoa ule usiotakiwa. Unatoka kwenye bati la mashine, unapita ukutani, unaishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. "Umeme wa kwenye lile bomba la kioo ni mkali mara nyingi kuliko huu wa soketi. Ukiwa mkali hivyo haukai kwenye waya kwa adabu. Unarukia bati, unafanya fujo. Ethi inaipeleka fujo yote chini. Ikikosa njia ya kwenda chini, inarudi kwenye ubongo wa mashine, ubongo unachanganyikiwa, unaanza upya."

"Kama Mama nikimuuliza maswali mengi," nikasema.

"Kama wewe siku ya mtihani," Mama akasema.

Fundi aliuliza kama tuna taa ya zamani, ile ya kioo yenye uzi ndani. Dukani hazipatikani kirahisi siku hizi, lakini sisi tunayo moja: inawapasha joto vifaranga wa Mama kwenye boksi kule koridoni. Nikaenda kuifungua. Vifaranga walilalamika kwa pamoja, nikawaahidi kwamba ni kwa ajili ya kanisa.

Akafunga nyaya mbili kwenye taa. Alipoiunganisha kwa njia ya kawaida, kutoka kwenye waya wenye moto kwenda kwenye waya wa kurudi, ikawaka kama inavyowaka kila siku. Akazima. Akachukua ule waya wa kurudi, akauhamishia kwenye ethi. "Sasa nauambia umeme upite ardhini. Mtu asiguse kitu, na asiende nyuma ya ukuta." Akawasha.

Uzi ndani ya taa ukawa mwekundu tu. Mwekundu wa dawa ya mbu inayoungua gizani. Tuliinama wote watatu kuutazama.

"Hapo ndipo pameziba," akasema.

Alizima kila kitu, tukazunguka nyuma. Fimbo ya shaba ilichomoza kidogo chini ya ukuta, mahali ambapo paa limejitokeza sana na mvua haifiki. Alifungua kibano kilichoshika waya, akakisugua mpaka kikang'aa, akakikaza. Tukarudi kujaribu taa. Nyekundu ileile. Tukatoka tena. Akachimba kidogo kwa bisibisi. Udongo ulikuwa ule mweusi mwepesi wa mlima wetu, na ulimwagika kama majivu ya jikoni.

"Fimbo nzima, waya mzima, udongo umekauka kabisa," akasema. "Lakini sielewi. Hapa mvua haijawahi kunyesha tangu paa lijengwe, na mashine imefanya kazi miaka. Lazima kuna maji yalikuwa yanamwagika hapa. Mlikuwa mnafulia hapa?"

"Hapana," Mama akasema.

"Kuna bomba lilikuwa linavuja?"

"Hapana."

"Dada, kuna kitu kimebadilika."

"Mdogo wangu, nimekwambia hakuna tulichobadilisha." Alisema hivyo akiwa amesimama chini ya kibao changu, kikiwa juu ya kichwa chake kama taji.

Nilitazama kibao. Lile jicho nililolichora likanitazama. Kicheko kilianzia tumboni, nikakibana, kikatokea puani.

"Unacheka nini wewe?"

"Mama, maji yalikuwepo."

"Maji gani?"

Nikanyoosha kidole juu. Fundi akasoma kibao. Akakisoma tena. Akageuka akautazama ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama peke yake ndiye aliyekuwa bado yuko njiani, kisha nikaona anafika.

"Hapana," akasema. "Hapana. Mungu wangu, hapana."

"Mkojo una maji na una chumvi," fundi akasema, akijifuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Kwa umeme hiyo ni barabara ya lami."

"Kwa hiyo unataka kuniambia kazi zangu zote, vikombe, keki za maharusi za watu..."

"Na misalaba ya kipaimara," nikamkumbusha.

"Wewe nyamaza."

Tulifanya jaribio. Fundi akahakikisha umeme umezimwa, nikamwaga ndoo ya maji yenye chumvi ya jikoni pale kwenye fimbo. Ardhi ilikunywa kwa sauti, ile sauti ya mtu anayemaliza uji. Tukasubiri. Tukarudi ndani, akawasha. Uzi ukawa wa rangi ya chungwa. Akazima, nikamwaga ndoo nyingine. Akawasha, ukawa wa njano, na sasa niliweza kuona kivuli cha mkono wangu mezani.

Hapa ndipo niliposahau kufanya utani. Nitajaribu kusema nilichokiona. Umeme ulikuwa unatoka kwenye nguzo, unapita kwenye uzi wa taa ya vifaranga, unaingia kwenye shaba, na kutoka hapo hakuna waya tena. Ni udongo. Ni ule udongo tunaofagia, unaoingia kwenye soksi. Na taa inawaka.

"Ukishaingia ardhini unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Unarudi kwao. Kwenye transfoma kuna fimbo nyingine kama hii."

Transfoma yetu iko mbali, ng'ambo ya ile barabara ya vumbi, karibu na shule ya msingi. "Unaijuaje njia?"

"Hauijui. Unapita kote kwa pamoja."

Kote kwa pamoja. Niliwaza ukipita chini ya mashine ya kusaga, chini ya kijiwe cha boda, chini ya mama anayekaanga mihogo na karai lake, chini ya nyayo za watoto wa darasa la kwanza, wala hakuna anayejua. Nilivua ndala nikasimama miguu mitupu kwenye sakafu. Sikusikia kitu, bila shaka. Lakini nilisimama hivyo muda mrefu, na fundi hakuniuliza nafanya nini.

Chumvi na ndoo, alisema, ni dawa ya kutuliza tu. Maji yatakauka, tutaanza upya, na chumvi itaila shaba. Alitaka mahali penye unyevu mwaka mzima, bila kumwomba mtu atoe msaada. Mama akampeleka kwenye migomba. Kama kila nyumba, tuna migomba pale maji ya bafuni yanapotokea. Machipukizi yake yalitoka kwa Babu, yakaletwa mjini kwenye gunia mwaka tuliojenga. Ukikanyaga pale, kandambili inabaki.

Alhamisi fundi alirudi na fimbo mpya za shaba. Mimi ndiye niliyezipiga nyundo. Ya kwanza iliingia kama kisu kwenye parachichi. Nilipokuwa napiga ya pili, yule dereva mrefu wa boda akachungulia juu ya uzio wa uani.

"Dogo, mnachimba nini? Mnaongeza kamera?"

"Kaka, tulikuwa tunakutafuta. Imegundulika ulikuwa mfanyakazi wetu na hatukujua."

"Huyu mtoto ana akili kweli?" akamuuliza fundi.

"Anasema kweli," fundi akajibu bila kuinua uso. Yule jamaa alijiondokea taratibu.

Tulitandika waya wa kijani kutoka kwenye migomba mpaka kwenye mashine, tukaunganisha na ile fimbo ya zamani pia. Taa ya vifaranga ikaletwa tena. Fundi akawasha, karakana yote ikawa nyeupe, sikuweza kuutazama ule uzi. Nikagusa bati la mashine. Hakuna kutekenya. Ilikuwa kimya kama bati la kawaida, na nitasema ukweli, niliutamani kidogo ule mtekenyo. Siku nzima ya Ijumaa nilikata twiga mfululizo, wazima, wenye masikio na mikia, mpaka Mama akasema inatosha. Lakini usiku hakuutoa ubao kitandani. Alisema Babu anakuja kesho, na hautaguswa Babu asipokuwepo.

Jumamosi asubuhi Babu aliteremka kutoka Meru amevaa koti lake la kanisani siku moja kabla ya kanisa. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba akiwa tayari ameitazama mashine. Aliuliza imekuwaje, maana Mama kwenye simu alikuwa amemwambia tu "kuna shida ya umeme". Mama akaeleza waya, akaeleza udongo, akaeleza migomba. Aliruka sehemu moja.

"Na mwanzoni maji yalikuwa yanatoka wapi?" Babu akauliza.

Mama akanikazia macho. Lakini mtu mzima akiuliza, mtoto ajibu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikamweleza yote, na kibao nikamtajia neno kwa neno.

Babu alisikiliza kama anayesikiliza taarifa ya wazee wa kanisa. Hakucheka. "Na hiyo migomba ni ile yangu?"

"Ndiyo, Babu."

Akatikisa kichwa, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akatoka. Tulidhani ameenda kuitazama. Alikawia. Aliporudi alikuwa anaweka sawa koti lake.

"Nimetoa mchango wangu," akasema. "Pale pa zamani, ukutani."

"Baba," Mama akasema, amefunika uso kwa viganja.

"Kibao kimesema nitabasamu. Nimetabasamu. Haya, anzeni."

Mama aliufungua ubao kutoka kwenye kanga. Tukaulaza ndani, tukaubana pembe zote. Alipima, akapima tena. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akaniachia kiti. "Kata wewe," akasema, kana kwamba ananiambia habari za hali ya hewa.

Nikabonyeza.

Plaiwudi ikikatwa inanuka gundi. Mringaringa unanuka kitu kingine, kitamu, kama mkate uliokaribia kuungua na nyuma yake moshi wa jikoni. Harufu ilipotoka, Babu alivua kofia. Cheche ilianza kwenye jani la kwanza, ikalizunguka, jani likaachana na ubao likaanguka chini, tiki. Likaja la pili. Nilikuwa najua mahali ambapo twiga walikuwa wanafia, na macho yangu yalikuwa yanahesabu bila kuniuliza. Cheche ikafika pale. Ikapita.

Cheche ilipofika kwenye ua la chini, taa za karakana zikakonyeza. Jirani alikuwa amewasha mashine ya kusaga. Kwa fujo zote za wiki ile hakuna aliyekumbuka kumwambia habari za Jumamosi. Mama alishika bega langu, kucha zikaingia. Skrini ilibaki inawaka. Cheche haikusita hata kidogo, ilikuwa inazunguka lile ua kwa utulivu wake, petali baada ya petali, na fujo yote ya lile bomba ilikuwa inateremka kwenye waya wa kijani, inapita chini ya miguu yetu na ya Babu, inaingia kwenye mizizi ya migomba yake, inasambaa kote kwa pamoja.

Ilipomaliza, mashine ililia mlio wake mfupi wa kusema tayari. Mama ndiye aliyefungua kifuniko, akauinua ubao kwa mikono miwili. Majani na maua yaliyokatwa yakabaki chini kwenye trei, vipande vidogo vyenye kingo nyeusi. Alimpa Babu ubao, Babu akausogeza mlangoni kwenye mwanga. Msalaba ulikuwa mzima. Kupitia majani ya kahawa tuliona mlima, vipandevipande, kipande cha bluu hapa, wingu pale. Babu akapitisha kidole ndani ya ua moja.

"Bado una joto," akasema.

Akamrudishia Mama, akainama kwenye trei, akaanza kuokota yale maua madogo moja moja na kuyaweka mfukoni mwa koti lake la kanisani. Nilikuwa na utani mzuri sana wa kusema hapo. Ulikuwa tayari mdomoni.

Nikachukua ndoo, nikaenda kuimwagia maji migomba, ingawa chini yake palikuwa pamelowa tayari.